Miti Niliyoipima Bila Kwenda

Siku niliporudisha funguo za kabati la ofisi, Clarisse na Dieudonné, ambao sasa ndio wanaobeba kazi yangu, waliniomba niwaandikie mambo ambayo hayamo katika kitabu cha maelekezo. Nilicheka. Kitabu kile kina kurasa nyingi, na yaliyomo yanatosha kumfikisha mtu porini. Yale ya kumrudisha salama ndiyo yaliyosahauliwa. Naandika basi. Nani alipandishwa cheo na lini, mshahara ulikuja au haukuja, hayo waulizeni wengine. Wanayakumbuka kuliko mimi.

Nilizaliwa Panda, mtaa wa mji wa Likasi huku Katanga, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Baba yangu alitoka Kasai akiwa kijana, akaingia kiwandani, akatoka mzee. Miti niliyoijua utotoni ilikuwa ya aina tatu: mparachichi wa jirani, jakaranda za barabarani, na mikaratusi iliyopandwa kwa kamba pembeni mwa kambi. Nilisomea kilimo kwa sababu shule ya kilimo ilikuwa na nafasi. Nilipopata kazi katika ofisi ya mazingira ya Likasi, niliambiwa nitakuwa mpimaji wa miti, nikadhani nitakaa mezani na ramani.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani. Mtu aliyepewa kazi ya kunionyesha njia aliitwa Papa Mwansa, mwanamume mfupi wa kijiji kimoja ng'ambo ya kitongoji cha Buluo. Aliviangalia viatu vyangu, akatangulia. Saa sita mchana soli moja ilikuwa imebaki kwenye matope ya kijito, naye alirudi kuichukua, akanifungia kwa gome la mti alilolichuna palepale. Gome lile lilikaa wiki mbili. Kwenye karatasi za serikali mimi nilikuwa mkubwa wake, maana nilikuwa na diploma naye aliandikwa kibarua. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi na sikumbuki siku niliyompa amri.

Kazi yenyewe ni hii, kwa wale ambao hawajaiona. Kuna viwanja vinne vya pori, kila kimoja mita mia kwa mita mia. Ndani yake kila mti wenye unene wa sentimita kumi au zaidi una namba. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa tisa, unarudi kwenye mti uleule, unauzungushia utepe, unaandika umenenepa kiasi gani, au umekufa. Basi. Tunakwenda mwezi wa tisa kwa sababu nyasi zimeungua na njia zinaonekana, na mvua bado. Ndio mwezi ambao pori letu huota majani mapya kabla tone moja halijaanguka, nayo hutoka mekundu, hata mgeni hudhani miti inakauka. Miaka yangu ya mwanzo nami nilidhani hivyo, nikaandika kwenye ripoti. Ripoti ile ipo.

Papa Mwansa alikuwa na fimbo ya urefu wa mita moja na sentimita thelathini, maana utepe lazima uzungushwe kwa urefu huo, usipande wala usishuke. Nilimwuliza kwa nini urefu huo. Alisema anadhani waliotunga sheria walichoka kuinama. Baadaye nilisoma sababu nyingine kitabuni, lakini ya kwake ndiyo ninayoikumbuka.

Miti aliijua kwa magome. Alikata kipande kidogo kwa ncha ya panga, akaninusisha nikiwa nimefumba macho, nikataja jina. Muputu, mutondo, mubanga, musuku. Nilikosea mwezi mzima. Mukula peke yake sikuukosea, kwa sababu ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu na vidole havitakati siku hiyo. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa sababu wino unakimbia mvua. Alinifundisha kupiga shina mara mbili kwa ubapa wa panga kabla ya kulikumbatia, ili nyuki waliomo waseme mapema. Na alikuwa na kanuni moja ambayo kwake ilikuwa kubwa kuliko zote: aliyesimama kwenye mti anataja namba kwa sauti, mwenye daftari anairudia kwa sauti, ndipo anaandika. Namba ambayo haikutamkwa kando ya mti haiingii daftarini. Aliwahi kunirudisha mita themanini kwa ajili ya mti mmoja ambao tulisahau kurudia namba yake.

Zamani namba hizo zilikuwa kwenye vibati vya alumini vilivyopigiliwa msumari. Vibati vikawa vinapotea. Tulikuja kujua kwamba watu wanaviyeyusha kutengeneza masufuria, kwa hiyo yapo masufuria mtaani Kikula ambayo yamepika sombe, majani ya muhogo, miaka yote hii yakiwa na namba za serikali ndani yake. Tukahamia rangi nyekundu ya mafuta na brashi. Rangi haipikiki.

Mnaniuliza mara nyingi namba zetu zinakwenda wapi. Zinakwenda Lubumbashi kwa profesa anayekusanya za mkoa mzima, kutoka hapo Kinshasa, na kutoka hapo ng'ambo, kwa watu wanaoandika hali ya misitu ya dunia. Mwaka mmoja tuliletewa kitabu chao. Kilikuwa na ramani ya Afrika yenye rangi ya kijani iliyokolea katikati, na chini huku kwetu kijani cha kufifia, maana pori letu si msitu mzito kama wa kaskazini. Jua hufika chini. Papa Mwansa aliniuliza miti yetu iko wapi kwenye ramani. Nilimwonyesha. Aliweka kidole chake pale, kikafunika mkoa wote. Akakaa nacho hapo kidogo, kisha akafunga kitabu na kukirudisha mezani kwa mikono miwili.

Miaka hiyo mji ulikuwa unabadilika. Kampuni ilipunguza watu, umeme ukawa wa kubahatisha, na kila jiko Likasi likahitaji makala, yaani makaa ya miti. Asubuhi, kwenye barabara ya Buluo, ulikuwa unakutana na wanaume wakisukuma kinga, yaani baiskeli, zilizobeba magunia marefu kuliko wao, na kati yao nilitambua watu waliofanya kazi na baba yangu. Mimi pia napika kwa makala. Nasema hivyo mapema, nisionekane kama niliyekuwa nahesabu miti kutoka mbinguni. Kiwanja cha kwanza, ambacho nilipoanza kilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka shamba la mwisho, kilikuja kuguswa na mahindi upande mmoja. Hatukuwa na uwezo wa kuzuia, wala haikuwa kazi yetu. Kazi yetu ilikuwa kusema kilichotokea.

Papa Mwansa aliacha kazi magoti yalipokataa. Alirudi kijijini kwake, na masika moja akafariki. Tulikwenda kumzika wanne kutoka ofisini. Mjane wake alinipa ile fimbo, nami niliitumia mpaka ikaliwa na mchwa, ndipo nikakata nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Ulikuja wakati wa mukula. Mti ule ambao kwetu ulikuwa wa dawa na wa mipini ukatakiwa ghafla na wanunuzi kutoka mbali sana. Malori yakaingia njia ambazo hata pikipiki ilikuwa inasita. Kiwanja cha tatu, kilicho mbali kuliko vyote kupita Buluo, kilikuwa na mikula kumi na tisa, yote mikubwa. Mwezi wa tisa ulipofika nilipanda pikipiki ya kukodi kwenda kupima. Kilomita chache kabla ya kufika tulikuta mti umelazwa njiani na vijana watatu wenye bunduki. Hawakuvaa sare yoyote niliyoijua. Mkubwa wao alizungumza kwa adabu, na adabu ile iliniogopesha kuliko kelele.

"Maman, rudia kwako," akasema. "Ile miti haina kazi na weye leo."

Nilirudi. Wiki iliyofuata nilikwenda tena na barua ya ofisi yenye muhuri. Kijana yuleyule aliisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni mwake, akanionyesha njia ya kurudi. Sikwenda mara ya tatu. Nilikuwa na watoto wanne, na mwenye pikipiki naye alikuwa na watoto wake.

Mkuu wetu wakati huo alikuwa Shefu Kasongo, mtu mpole wa karatasi. Alinikumbusha mara tatu kwamba fomu zinangojwa Lubumbashi, na kwamba ofisi isiyojaza fomu zake zote huonekana imelala. Hakuniambia nidanganye. Aliniambia nimalize.

Nikamaliza. Nilikaa mezani mchana mmoja mwishoni mwa mwezi wa kumi, nikafungua daftari la miaka miwili iliyopita, nikauongezea kila mti wa kiwanja cha tatu milimita chache. Mwembamba nikauongezea zaidi, mnene kidogo, kama inavyokuwa kweli. Nilijua kazi yangu vizuri mno. Nilikumbuka kwamba pori ambalo hakuna kinachokufa haliaminiki, nikaua miti miwili, namba themanini na nane na namba mia moja arobaini na moja. Hakuna aliyetaja namba wala aliyerudia. Chumba kilikuwa kimya, penseli tu. Profesa alituma salamu kwamba fomu ya kiwanja cha tatu ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote za mkoa.

Miaka miwili ikapita. Watu wa mukula walishaondoka. Nilikwenda na kibarua mpya, na tulipovuka kijito cha mwisho niliona mwanga mbele yetu mahali ambapo hapakuwa na mwanga. Kiwanja cha tatu kilikuwa visiki. Sehemu tano palikuwa na duara jeusi la tanuru la makala, udongo umeungua ukawa kama tofali. Kwenye visiki vingine waliokata walikuwa wamekata juu, na rangi yangu nyekundu ilikuwa bado ipo: tisini na tatu, mia moja na saba. Nilizunguka na daftari mkononi, sikujua niandike nini kwenye safu ya unene.

Pembeni, karibu na tanuru la sita lililokuwa bado linatoa moshi, alikuwapo mwanamume wa umri wangu, amevaa kofia ngumu ya kiwandani iliyopoteza rangi. Jina lake Kalenga. Alikuwa fundi wa mashine Panda kabla ya kupunguzwa, na nilipomtajia baba yangu alivua kofia. Kisha akaangalia mkebe wa rangi aliokuwa ameubeba kibarua wangu.

"Weye njo maman wa namba?" akauliza.

Nilimwambia ni mimi.

"Tulikungojaka," akasema. Hakusema kwa hasira. "Ile mwaka, mwezi wa tisa yote. Bale ba mukula balikata yabo, balienda. Shiye tulibakia. Tukasema, ii miti iko na mwenyewe, iko na namba, mwenyewe anakuyaka kila mara. Tukangoja mwezi wa kumi. Hakuna muntu alikuya. Mvua ikafika, na batoto beko na njala. Tukasema, mwenyewe aliisha kuiacha."

Nilimwuliza wale wenye bunduki waliondoka lini. Akahesabu kwa vidole. Waliondoka siku kumi baada ya mimi kurudishwa mara ya pili. Mwezi wa kumi wote njia ilikuwa wazi. Siku niliyokuwa mezani nikiongeza milimita, miti ile, ukiondoa mikula, ilikuwa bado imesimama, na huyu mtu alikuwa amekaa chini yake akinisubiri.

"Na kama ningekuya?" nikamwuliza.

Alifikiri. "Sijue, maman. Pengine tungekata tu. Lakini tungekuuliza kwanza."

Nilirudi mjini. Njia rahisi ilikuwapo, na niliiona vizuri: kuandika kwamba kiwanja kimekatwa baada ya kipimo cha mwisho, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kuziacha namba zangu za uongo zilale salama nyuma yake. Hakuna mtu angeweza kuzikagua. Mashahidi wote walikuwa wameshauzwa kwa gunia, na inawezekana wengine walipika bukari, ugali wetu, nyumbani kwangu.

Shefu Kasongo nilipomweleza kwamba kiwanja kimekwisha, alishauri kile ambacho wakuu wengi wangeshauri. Kiwanja kifutwe, tuchague kingine. Alijua mahali karibu na shamba la mapadri, pori zuri, miti minene, na gari linafika. Nikakaa na wazo hilo siku mbili, na ndilo lililonisukuma hatimaye, kuliko hata dhamiri. Niliona kwamba kama kila kiwanja kinachokatwa tutakihamishia mahali ambapo miti imesimama, basi kwenye karatasi pori la Katanga halitakatwa kamwe. Litakuwa linanenepa milimita kila mwaka hadi siku ya mwisho, nasi tutakuwa tumesimama jangwani tunaandika.

Niliandika barua kwa profesa, ukurasa mmoja. Nilisema namba za kiwanja cha tatu za mwaka ule nilizitunga, nikaeleza jinsi nilivyozitunga, na nikaomba kiwanja kisihamishwe. Kabla ya kuituma nilimsomea mume wangu, ambaye ni mwalimu na hana maneno mengi. Aliniuliza kama ningeweza kuisoma barua ile mbele ya watoto wetu. Nilisema ndiyo. Akasema basi, peleka.

Shefu hakufurahi. Alinilalamikia kwamba nimemwaga maji ambayo hakuna aliyeniomba niyabebe. Nilipewa barua ya onyo, ambayo bado imo katika folda ya kijani, Clarisse, ukitaka kuiona. Nikatolewa kwenye kazi ya porini, nikapelekwa kitaluni kujaza udongo kwenye vifuko vya miche. Nilijaza vifuko miezi mingi. Ni kazi nzuri kwa mtu anayetaka kufikiri, na mbaya kwa mgongo.

Profesa alikuja mwenyewe, kwa gari lililokuwa linapiga kelele kuliko pikipiki. Aliomba nimpeleke. Alitembea kati ya visiki karibu saa nzima, mtu mrefu mwembamba, anagusa rangi na kuangalia juu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mwishoni aliniuliza ni miti gani miwili niliyoiua kwenye karatasi. Nilimtajia.

"Kwa nini hiyo?" akauliza kwa Kifaransa.

Nilimwambia ilikuwa imepinda. Nilidhani hakuna atakayeililia.

Alicheka kidogo, halafu akaacha. Alisema mstari wa mwaka ule ataufuta katika jedwali na kuuacha mtupu, na kwamba utabaki mtupu daima, kila mtu atakayelitumia atauona na kuuliza. Kuhusu kiwanja, alisema kitabaki palepale. Alimwambia Shefu Kasongo kwamba kiwanja kilichokatwa bado ni kiwanja, na kwamba kwa kazi yake labda kimekuwa na thamani zaidi. Shefu aliandika maneno hayo kwenye daftari lake kama yake, na tangu hapo alikitetea kiwanja kile kwa nguvu kuliko mimi. Sikumkumbusha.

Niliporudishwa porini nilimwomba Kalenga awe kibarua wangu. Alikuwa anajua kila kisiki, maana alikuwapo. Watu wa ofisini walishangaa, wengine walisema nimempa mwizi funguo. Lakini aliponionyesha tanuru zake za zamani hakuficha hata moja, na mimi nilikuwa wa mwisho kumhukumu mtu kwa habari ya kiwanja kile.

Tulichokiona hakikuwa kile nilichokitarajia. Kutoka kwenye visiki, hasa vya mutondo na muputu, yalitoka machipukizi, kumi, kumi na tano kwa kisiki kimoja, yakasongamana na kugombania mwanga. Baada ya miaka michache yakabaki matatu au manne yenye nguvu. Pori letu ndivyo lilivyo: mti unakatwa, lakini mizizi iliyoko chini haijapewa habari. Adui yake mkubwa si shoka. Ni moto wa mwisho wa kiangazi, unaofika nyasi zikiwa kavu kabisa na kuunguza kila chipukizi. Kalenga ndiye aliyependekeza tuchome wenyewe mapema, mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto upite chini na kwa upole, ili ule mkali ukifika usikute chakula. Tulifanya hivyo kila mwaka. Kuna miaka tulikimbizana na moto wetu wenyewe, lakini hayo msiyaandike kwenye ripoti.

Si kila kitu kilirudi. Kwenye duara za tanuru hapakuota kitu kwa miaka, halafu nyasi tu. Kati ya mikula kumi na tisa, minne ilichipua. Na upande wa mashariki familia moja ililima mahindi, wakang'oa visiki pamoja na mizizi kwa jembe na sururu. Walikuwa na njaa kama wengine. Baada ya misimu minne udongo ulichoka, wakahama, na pale, karibu robo ya kiwanja, hadi leo ni nyasi na vichaka vya miiba. Ukisimama mpakani unaona vitu viwili tofauti: kushoto walipokata na kuondoka, kulia walipokata na kung'oa. Wageni wote ninawasimamisha hapo, nanyi wasimamisheni.

Clarisse alipofika ofisini alileta simu yenye picha zilizopigwa kutoka angani. Nitasema kweli, niliziogopa, nilidhani kazi ya miguu imekwisha. Kisha akanionyesha jinsi pori lilivyopungua pande zote za mji, mahali ambapo miguu yangu isingefika hata kwa maisha mawili, na nikamheshimu. Lakini siku hiyohiyo nilimwomba atafute kiwanja cha tatu. Kwenye picha kilikuwa kijani, sawasawa na pori la zamani lililo karibu. Tukaenda pamoja. Pori lile la zamani lina mashina ambayo mikono yangu haikutani nyuma yake, na kiwanja cha tatu kina vijiti vya unene wa paja la mtoto. Kutoka juu vyote ni majani. Nilimwona akisimama na simu mkononi, anaangalia kioo, anaangalia mti. Tangu hapo wanafanya yote mawili, yeye na Dieudonné, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nilistaafu mwaka jana. Kalenga bado anachoma nyasi kila mwezi wa tano, ingawa mwanawe ndiye anayebeba kibiriti.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zilipokolea, nilijisikia hamu ya bowa, uyoga wa porini. Sokoni Kikula upo, lakini nilitaka kuuchuma mwenyewe. Nikapanda pikipiki hadi kiwanja cha tatu, bila daftari, na kapu la jikoni. Papa Mwansa alikuwa ananiambia kwamba uyoga huo hauoti bila muputu na mutondo, unaishi na mizizi yao, na kweli miaka ile ya visiki hatukuuona kabisa. Siku hiyo ulikuwapo, mwekundu na wa njano, chini ya majani yaliyolowa.

Nilikuta mwanamke kijana ameshatangulia, beseni lake limejaa nusu. Hakunijua. Alinikaribisha kama mtu anavyomkaribisha mgeni kwake, akanionyesha upande ambao hajapita. Tulichuma tukizungumza habari za mvua na za watoto. Kisha akasema kwamba anapapenda mahali hapa kwa sababu ni pori la zamani, halijaguswa na mtu tangu enzi za mababu.

Ningeweza kuitikia. Asubuhi ilikuwa nzuri.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ii yote balikataka. Haikubakia muti hata moja. Minye nilikuwa pale."

Aliniangalia kama anayemwangalia mzee aliyechanganyikiwa. Nikainama kwenye mti uliokuwa kati yetu, nikafunua majani na nyasi kwa mkono, nikamwonyesha kisiki. Kilikuwa kipana kama beseni lake, kimeoza katikati, na pembeni mwake yametoka mashina matatu yaliyosimama wima mpaka juu ya vichwa vyetu. Aliweka beseni chini. Akagusa kisiki, kisha shina moja, kisha akageuka na kuanza kuangalia chini ya miti mingine, akifunua majani kwa mguu, na kila alipofunua alikuta kisiki.

Alirudi pole pole. Aliniuliza ni nani aliyepanda tena. Nilimwambia hakuna, ilirudi yenyewe, watu waliiacha tu na kuukinga moto. Akaokota beseni lake.

"Na itakuwa mikubwa sawa ile ya mbele kisha miaka ngapi?" akauliza.

Nilimwambia sijui. Hilo bado halijapimwa.